Moduli ya prosesa moja kwenye keneli ya prosesa nyingi: kwa nini inagoma, na gharama alipe nani?

Mwanamalimbe

Wakuu, mwangaluka.

Naendesha mtandao wa hosteli za wanachuo huku Malimbe, Mwanza, kwa mashine ya Linux. Mashine nyingine ya aina hiyo iko Nansio, Ukerewe, kwa mteja. Ya Malimbe ilikuwa na prosesa moja na jioni wanafunzi wote wakiingia mtandaoni ilikuwa inakufa, nikaibadilisha kwa yenye prosesa nne. Kadi ya mtandao ya milango minne nimeihamisha ileile. Tatizo ni draiva (programu ya kuendesha kadi): aliyetuuzia alitoa faili la .ko peke yake, yaani moduli iliyokwisha kukompailiwa kuwa lugha ya mashine, msimbo hakutoa, na siku hizi hapatikani.

Keneli (kiini cha mfumo) ya zamani ilikuja na mashine. Mpya nimeijenga mwenyewe kutoka toleo lilelile, nikawasha CONFIG_SMP (uwezo wa prosesa nyingi) basi. Nikipandisha moduli napata hii:

version magic '4.19.0 mod_unload modversions' should be '4.19.0 SMP mod_unload modversions'

Neno moja tu limezidi. Je, nilazimishe? Na la pili, ambalo ndilo linaniuma zaidi: kwa nini hawa waandishi wa keneli wasitengeneze utaratibu ambao moduli moja inakubali kote, prosesa iwe moja au ziwe ishirini?

Dagaa Mkavu

modprobe --force mkuu. Mimi niliwahi kulazimisha ya kadi ya sauti ikapanda bila shida.

Jiwe la Kirumba

Dagaa, kupanda ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine. Mwanamalimbe, usilazimishe. Ngoja nishuke taratibu uone kinachotokea ndani, halafu uamue mwenyewe.

Chukua muundo wa data wenye vitu viwili: kufuli la aina ya spinlock (linazuia prosesa mbili kugusa data moja kwa pamoja; inayolikuta limeshikwa inazunguka ikisubiri), kisha hesabu ya pakiti. Kwenye keneli isiyo na SMP, spinlock haina kitu ndani. Ni muundo mtupu wa baiti 0, kwa hiyo hesabu ya pakiti inakaa mwanzo kabisa. Kwenye keneli ya SMP kufuli hilohilo lina baiti 4, na hesabu inasogea hadi nafasi ya 4. Moduli yako ilikompailiwa ikijua hesabu ipo nafasi ya 0. Ukiipandisha kwa nguvu, kila pakiti inayoingia moduli inajumlisha moja juu ya kufuli. Keneli ikija kulishika inakuta limeshashikwa, na aliyelishika hayupo. Prosesa inazunguka hapo bila kikomo. Na hapo umepata bahati, maana mashine imeganda ukaona. Ikiangukia sehemu nyingine ya muundo, itaandika pointa (anwani ya kumbukumbu) mbovu kimya kimya na utakuja kugundua wiki inayofuata, data ya mteja ikiwa imeshaharibika.

La pili. Kwenye keneli ya prosesa moja hakuna prosesa nyingine ya kugombana nayo, kwa hiyo spin_lock ndani ya moduli yako haishiki chochote. Ikizidi sana inazuia kazi isikatizwe katikati. Basi moduli yako, hata nafasi zote zingelingana kwa miujiza, itaingia kwenye foleni ya pakiti bila kubisha hodi wakati prosesa ya tatu iko humo humo ikihamisha pointa.

Kwa hiyo neno SMP kwenye ule mstari halikuwekwa kwa urembo. Ndilo linalokuokoa.

Mwanamalimbe

Nimekusoma mkuu. Lakini swali langu la pili bado. Hilo ni kosa la moduli au la keneli?

Fundi wa Igoma

Hapo ndipo Linux walipochagua njia yao, mkuu, wala si njia pekee. Hebu tazama FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix.

Wao walipoanza mradi wa SMPng mwaka 2000 walikuwa na kufuli moja kubwa, wanaliita Giant, linalofunga karibu keneli nzima. Walipoanza kulivunja vipande, walijua draiva nyingi za zamani hazijui habari ya prosesa nyingi. Wakaweka mambo mawili ninayoyapenda.

Kwanza, moduli haimwagiwi msimbo wa kufuli ndani yake. Keneli yenyewe, ikikompailiwa, inaweka maelekezo ya kushika kufuli papo hapo kwenye mstari ili iende kasi. Moduli inayotumia maelekezo hayohayo inaita fanksheni iliyoko ndani ya keneli. Kadhalika operesheni za atomiki (zisizokatika katikati): kwenye faili la atomic.h la prosesa za i386 kulikuwa na maelezo kwamba moduli ziite fanksheni halisi zilizojengwa ndani ya keneli, ili moduli hiyo moja iweze kuhama kati ya mashine ya prosesa moja na ya prosesa nyingi. Ndicho anachokiuliza Mwanamalimbe, neno kwa neno. Keneli ndiyo inayojua kama kuna prosesa moja au nne, moduli haihitaji kujua.

Pili, draiva ilijitangaza. Ikisajili interapti yake (ishara ya kifaa kuita prosesa) na kuweka alama ya INTR_MPSAFE, maana yake inasema mimi najilinda mwenyewe. Isipoweka, keneli inashika Giant kwanza ndipo inaiita. Draiva ya kizamani inaendelea kuishi, inakwenda polepole, haimuumizi mtu.

Dagaa Mkavu

Hilo la Giant nimelielewa kwa kivuko cha Kigongo na Busisi enzi zile. Hata uje na V8 au na fuso la ng'ombe, wote mnasubiri chombo kimoja. Sasa daraja limefunguliwa 2025, kila mtu anapita kwa mwendo wake.

Jiwe la Kirumba

Mfano mzuri, ila una tundu. Darajani fuso la zamani linapita bila kubadilishwa kitu. Kwenye keneli, ukivunja lile kufuli kubwa ni lazima kila draiva iliyokuwa inalitegemea iandikwe upya au itengewe njia yake. Linux walianza na kufuli lao kubwa katika toleo la 2.0, Juni 1996, na wakalimaliza kabisa katika 2.6.39 mwaka 2011. Miaka 15! Si kwamba walikuwa wavivu. Kila kona kulikuwa na draiva au mfumo wa mafaili uliokuwa unaegemea kufuli hilo bila hata kusema.

Fundi, FreeBSD nawapa heko, lakini bei ya kuita fanksheni usiipuuze pia. Kila kufuli ni kuruka kwenda kwingine na kurudi, na kwa moduli wanabeba pia jina la faili na namba ya mstari, ili moduli moja ikubali keneli ya kawaida na ile ya kutafutia makosa.

Fundi wa Igoma

Bei ipo lakini ni ya senti, mkuu. Operesheni ya atomiki yenyewe kwenye prosesa za x86 (za kina Intel) inakula makumi ya mizunguko ya prosesa hata pasipo ugomvi. Kuruka kwenda kwenye fanksheni na kurudi ni mizunguko michache, na prosesa za leo zinatabiri mruko huo vizuri. Kama kufuli lina ugomvi, prosesa nne zinalitaka pamoja, basi mstari wa kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) unahama toka prosesa hadi prosesa na unapoteza mamia. Hapo fanksheni huioni hata kwa darubini.

Binti Nansio

Samahani kaka zangu, naomba niingie. Mimi ndiye ninayeangalia hizo mashine upande wa Ukerewe. Mnabishana kuhusu mizunguko, mimi nawaza boti. Keneli ikisasishwa usiku na moduli ikagoma asubuhi, mtu atoke Mwanza na flashi mfukoni avuke ziwa, wateja wakae bila mtandao mpaka afike. Na bando la kushusha msimbo wa keneli ukaujenge palepale nani ananunua? Kwangu mimi moduli inayopanda kila siku kwa mwendo wa nusu ni bora kuliko ya kasi inayogoma siku ya mvua.

Mwanamalimbe

Dada amesema kweli, boti za Nansio nazijua.

Jiwe la Kirumba

Na mimi sipingani naye, dada ana haki. Ila hapa ndipo nataka tuwekane sawa, maana mjadala huu kila ukizuka watu wanadhani ugomvi ni kufuli. Kwa kufuli, Fundi ameshamaliza: ita fanksheni, lipa senti, hamia. Linux yenyewe siku hizi kwenye x86 kushika spinlock ni kuita fanksheni kwa kawaida. Ugomvi halisi ni mpangilio wa data, na huo hautibiki kwa senti.

Kashe haibebi kitu kimoja kimoja. Kwenye x86 inabeba mstari wa baiti 64 kwa mpigo. Ukiwa na muundo ambao prosesa moja inaandika hesabu kila pakiti, na pembeni yake, ndani ya baiti hizohizo 64, kuna kitu ambacho prosesa nyingine tatu zinasoma tu, basi kila uandishi unazinyang'anya hizo tatu nakala zao. Hawagombei kitu kimoja lakini wanalipa kama wanaogombea. Dawa yake ni kuhamisha: vya kusomwa tu viende pamoja, vya kuandikwa viende mstari mwingine.

Toleo la 6.8 la Linux, la Machi 2024, lilikuja na kazi ya namna hiyo. Waliipanga upya miundo mikuu ya mtandao, soketi na ile ya kifaa cha mtandao, kwa kuangalia nani anasoma nini kwenye njia inayopitwa na kila pakiti. Hawakubuni kanuni mpya wala kuongeza kufuli. Walihamisha tu vitu ndani ya muundo, na TCP kwenye mashine yenye miunganisho mingi kwa pamoja ikapanda hadi asilimia 40 kwa vipimo walivyotoa wenyewe.

Sasa jiulize: moduli iliyokompailiwa kabla, inayosoma muundo wa kifaa cha mtandao kwa nafasi za zamani, itaishije? Haiishi. Kile kinacholeta kasi kwenye prosesa nyingi ndicho kilekile ambacho moduli ya faili tupu inakigandisha kisisogezwe. Ndiyo maana Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa keneli ya Linux, aliandika ule waraka unaokaa ndani ya msimbo wa Linux wenyewe, unaosema wazi kuwa ndani ya keneli hakuna ahadi ya kudumu kwa draiva. Ahadi ipo kwa programu za mtumiaji tu. Watu wanamwona katili. Mimi naona alikataa kuuza hiyo asilimia 40 kabla haijajulikana itatoka wapi.

Dagaa Mkavu

Mbona Windows draiva moja inapanda kote?

Fundi wa Igoma

Kwa sababu waliamua mapema. Kulikuwa na keneli mbili, ntoskrnl.exe ya prosesa moja na ntkrnlmp.exe ya prosesa nyingi, na draiva ni ileile kwa zote mbili. Kufuli inaombwa kwa fanksheni, na keneli iliyopo inajua la kufanya. Lakini usidhani ilikuwa raha tupu. Draiva nyingi ziliandikwa na kujaribiwa kwenye mashine za prosesa moja tu, zikaonekana nzima. Ilipokuja Hyper-Threading, mashine ya mezani ya kawaida ikawa na prosesa mbili machoni pa keneli, na makosa yaliyolala yakaamka. Moduli ilikubaliwa kupanda, lakini mwandishi wake hakuwahi kufikiria wawili kwa pamoja.

Na kuhusu mpangilio, Jiwe, hata hapo fanksheni ina jibu, sikubali kuwa haitibiki. Usimpe moduli muundo. Mpe pointa asiyoweza kuifungua, na fanksheni za kuuliza na kuweka. FreeBSD 14, ile ya Novemba 2023, wamefanya hivyo kwa muundo wa kifaa cha mtandao: draiva haioni tena kilichomo, inauliza tu. Keneli ikitaka kuhamisha vitu kesho inahamisha, draiva haina habari.

Jiwe la Kirumba

Hiyo naikubali, tena ndiyo njia safi kuliko zote. Ila angalia wanayofanya wenye haraka. Red Hat, wauzaji wa Linux, wanaahidi orodha ya alama (majina ya fanksheni na data) ambazo hazitabadilika ndani ya toleo kuu moja, na Android wana kitu hichohicho kwa keneli ya pamoja ya simu. Miundo wanaiachia nafasi tupu, ili baadaye wakitaka kuongeza kitu wakichomeke kwenye tupu bila kusogeza vingine. Inasaidia kuongeza. Kuhamisha haisaidii hata kidogo, na kuhamisha ndiko kwenye kasi. Mpangilio mbovu wa siku ya kwanza utakaa nao mpaka toleo kuu lijalo.

Mfano mwingine wa jinsi ukubwa unavyobana. Mwaka 2015, katika Linux 4.2, spinlock ilibadilishwa kuwa ya foleni, ambapo kila prosesa inasubiri mahali pake badala ya wote kukodolea macho sehemu moja. Kufuli la namna hiyo kwa asili linahitaji nafasi kubwa, kuna pointa ndani yake. Lakini spinlock imechomekwa kwenye miundo kila kona ya keneli, ikiongezeka baiti miundo yote inavimba. Basi wakakamua mambo yote, kama limeshikwa, kama kuna anayefuata, namba ya prosesa ya mwisho kwenye foleni, yakaingia kwenye baiti zilezile 4. Mimi kazi ile naihusudu mpaka leo.

Mwanamalimbe

Somo tamu, lakini wakuu mie bado nina kadi isiyofanya kazi.

Fundi wa Igoma

Haya, turudi kwenye mkate wako. Tupe matokeo ya lspci -nn ya hiyo kadi.

Mwanamalimbe

Milango yote minne inasoma 8086:1521.

Fundi wa Igoma

Hahaha. Hiyo ni chipu ya Intel I350. Draiva yake inaitwa igb na imo ndani ya Linux yenyewe, ipo hata kwenye hiyo 4.19 yako. Aliyekuuzia alibandika jina lake juu. Washa CONFIG_IGB, jenga, kwisha habari. Ila niulize: kadi ina kile kirelei cha kuunganisha milango miwili moja kwa moja umeme ukikatika?

Mwanamalimbe

Ndiyo, ndiyo sababu tuliinunua. Umeme ukienda, mtandao unapita kwenye kadi bila mashine.

Fundi wa Igoma

Basi ndicho kilichomo kwenye lile faili la .ko. Ni igb iliyoongezewa msimbo wa kuamuru kirelei. Ukitumia igb ya kawaida, milango minne itafanya kazi yote isipokuwa hilo.

Binti Nansio

Nansio bila hilo hapana. Umeme huku mnaujua.

Jiwe la Kirumba

Basi mna mashine mbili zenye mahitaji tofauti, msizilazimishe kufanana. Malimbe tatizo ni wingi wa watu jioni na jenereta ipo: weka keneli ya SMP na igb, tena nenda toleo jipya kabisa, usibaki na 4.19.0 yenye matundu ya usalama. Nansio tatizo ni umeme na boti: iacheni na keneli yake ya zamani na .ko yake, muifungie masasisho ya keneli, na kwa kuwa haitasasishwa isiwe inaonekana moja kwa moja kutoka intaneti. Wekeni kifaa kingine mbele yake.

Na siku mkinunua kadi nyingine, hata ya mashine ya prosesa moja, dai moduli iliyojengwa kwa keneli ya SMP. Hakuna cha kupoteza. Linux ya x86 ikiwaka na kukuta prosesa moja, inapita kwenye msimbo wake na kufuta kile kiambishi cha lock kwenye maelekezo ya atomiki, baiti F0 inageuzwa kuwa 3E isiyo na kazi. Unapata karibu kasi yote ya keneli ya prosesa moja bila kuwa na keneli mbili. Red Hat walikuwa na vifurushi tofauti, kernel na kernel-smp, katika toleo la 4 la 2005. Toleo la 5 la 2007 kernel-smp haikuwepo tena. Nadhani hilo ndilo jibu la karibu zaidi kwa swali lako la pili: badala ya moduli kukubali keneli za aina mbili, waliondoa aina moja.

Dagaa Mkavu

Kwa hiyo aliyeuza angewasha kitu kimoja tu wakati wa kujenga, uzi huu usingekuwepo.

Jiwe la Kirumba

Usingekuwepo mpaka Mwanamalimbe apande kwenda 5.x, hapo tungekuwa nao tena. Angetoa msimbo ndiyo.

Mwanamalimbe

Wakuu, igb imepanda Malimbe, milango yote inawaka. Lakini naona prosesa ya kwanza imejaa na tatu zimekaa tu.

Fundi wa Igoma

Fungua /proc/interrupts. I350 ina foleni hadi nane kwa kila mlango, utaziona kama mistari mingi ya jina la mlango. Kama zote zinahesabu kwenye safu ya CPU0, sakinisha irqbalance (inagawa interapti kwa prosesa zote) au zigawe kwa mkono kwenye smp_affinity, halafu tuletee picha ya saa mbili usiku wakati wanafunzi wamejaa, maana mchana huoni kitu.

Binti Nansio

Na mimi naomba nakala ya lile faili la .ko lihifadhiwe mahali pawili, diski ya huku imeanza kulia.